Kiota cha Kong'ony na Miti Niliyopanda

Haya, wewe mtoto uliyekaa hapo na kikombe, niambie ukweli: ushawahi kuona ndege akisimama kwa maji kutoka asubuhi mpaka saa sita, miguu yote kwa tope, na asichoke, na asipate homa, na ile taji ya kichwa bado imesimama kama amechana nywele saa hiyo hiyo? Hujaona. Usione haya, hata watoto wangu wengine hawajaona, na walizaliwa hapa hapa. Mimi nimeona. Nimeona mpaka nikachoka kwa niaba yake.

Huyo ndege kwa Kiswahili cha kitabu anaitwa korongo. Sisi Wakipsigis tunamwita kong'ony. Ni mrefu, akisimama karibu na mimi ananifika hapa kwa kiuno. Mwili ni wa kijivu, mabawa yana nyeupe na kahawia, shavu jeupe, na hapa chini ya kidevu kuna kitu chekundu kinaning'inia kama cha jogoo. Kichwani sasa, wacha! Nywele za dhahabu zimetawanyika kila upande. Na wakifurahi wanacheza. Mmoja anainamisha kichwa, anafungua mabawa, anaruka juu, mwingine anamjibu. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nikiona hiyo densi bega langu linaenda lenyewe.

Tena huyo ndege ni wa kwetu kabisa. Kwa Wakipsigis kila ukoo uko na mnyama wake. Wengine ni simba, wengine ni nyuki. Huyo mnyama humuui, humrushii mawe, unamheshimu kama mtu wa nyumbani. Wazee walipokuja kuniposa, kabla hata hawajaonja mursik, ile maziwa yetu ya kibuyu iliyo na mkaa, waliuliza baba yangu, "Nyinyi mnyama wenu ni nani?" Kwa sababu mkiwa wa mnyama mmoja hamwezi kuoana. Baba akakohoa kidogo, akakaa vizuri kwa kiti, akasema, "Sisi ni kong'ony." Ungefikiri amesema sisi ni serikali.

Baba huyo huyo, akilima na ng'ombe, akiona kong'ony wawili wanatembea mbele ya plau, anasimamisha ng'ombe. Anangoja. Majirani wanamcheka, "Mzee, unangoja ruhusa ya nani?" Yeye anasema, "Nangoja watu wangu wapite." Na hao ndege wanapita polepole kabisa, kama wanajua.

Nilipoolewa nilikuja huku, upande wa kuenda Chepilat. Nyumba iko juu, majani chai yanashuka mteremko mpaka chini, na kule chini kabisa kwa bonde, karibu na kijito, kulikuwa na kinamasi. Ukisikia kinamasi unafikiria uchafu na mbu. Kweli mbu walikuwa. Lakini kulikuwa na matete yananipita kichwa, na nyasi ya maji, na chura wa kila sauti, wale wa kupiga kelele na wale wa kulalamika. Kulikuwa na ndege wadogo wa manjano wanafuma nyumba zao kwa matete, wanagombana kutwa nzima kama wanawake kwa bomba la maji. Na kong'ony walikuwa, wawili wawili, kila mtu na bibi yake.

Mimi nilikuwa nateremka huko kukata nyasi ya kuezeka zizi la ndama. Ndio nikaanza kuona hiyo maisha yao. Kong'ony analala juu ya mti, kidole chake cha nyuma ni kirefu, anashika tawi vizuri. Lakini kutaga hatagi juu ya mti. Anataga chini, katikati ya maji! Anakanyaga matete mpaka yalale, anavuta mengine na mdomo, anazungusha, anazungusha, mpaka inakuwa kama sahani kubwa imekaa juu ya maji. Hapo anaweka mayai mawili au tatu. Bibi analala, bwana anasimama. Bwana analala, bibi anakwenda kula. Nikamwambia mzee wangu, "Umeona? Hata ndege mwanamume anakalia mayai." Mzee akajifanya hasikii.

Nilijiuliza, ndege mzuri hivi, mbona unajenga kwa maji? Kumbe maji ndio ukuta wake. Mbwa hapendi tope la kumeza miguu. Nguchiro, yule mnyama mdogo mrefu anayemaliza kuku zetu, naye hawezi kufika bila kusikika. Hayo matete marefu ndio pazia. Chura na panzi na mbegu za nyasi ndio jikoni. Alafu watoto wakitotolewa, siku hiyo ya kwanza, hata manyoya hayajakauka vizuri, wanatembea! Wanafuata mama na baba ndani ya nyasi. Lakini kuruka, hapana, wanangoja kama miezi tatu. Hiyo miezi tatu yote wanaishi kwa miguu na kwa kujificha. Mama akitoa sauti ya hatari, wanajilaza chini, wanakuwa rangi ya nyasi, hata wewe ungewakanyaga ukitafuta.

Kwa hivyo ukuta, pazia, jikoni. Ukitoa moja, hiyo nyumba imekwisha. Hii maneno naijua sasa. Wakati ule nilijua tu ni kitu kizuri cha kuangalia.

Sasa ngoja nikwambie penye niliharibu.

Chai haipendi kusimama kwa maji. Ukiipanda mahali pa majimaji inakuwa manjano, inakufa. Basi sisi watu wa chai, tukiangalia shamba, tunaona vitu viwili tu: pale chai inamea panaitwa shamba, na pale chai haimei panaitwa bure. Wewe uliza mtu yeyote wa rika langu hapa, "Kule chini kwa bonde mko na nini?" Atakwambia, "Ah, kule ni bure." Kumejaa matete, chura, ndege, maji safi ya kunywa, na sisi tunasema bure.

Na majani yakifika kiwandani yanakaushwa na moto wa kuni. Kuni inayopendwa ni mkaratusi, huku tunauita bulugamu. Unamea haraka kushinda mtoto. Ukiupanda mahali pa maji, mwaka mmoja tu umekupita kimo. Basi watu wakaanza kusema, kwa nini mnakaa na bure? Pandeni bulugamu kule chini.

Nilipanda mimi. Na hii mikono. Nilibeba miche kwa kikapu cha kuchumia chai, mgongoni, nikashuka nayo mara sijui ngapi. Mzee wangu alikuwa na mgongo mbaya, kwa hivyo yeye alisimama pale pakavu ananyoosha fimbo: "Hapo. Hapana, hapo. Songa kidogo." Nikamwambia, "Kama fimbo inajua kupanda, mbona usiilete ndani ya maji?" Tukacheka sana. Niliimba nikipanda, wimbo wa kanisa wote, tena nikarudia. Kong'ony wawili walikuwa wamesimama upande ule, wananiangalia. Nilifurahi nao. Nikasema, watu wa kwetu wamekuja kuniona nikifanya kazi.

Miti ikamea, we! Watu wa kanisa walipokuja kunitembelea wakasimama wakasema, "Huyu mama ana mkono." Nikavimba. Alafu bulugamu ukaanza kunywa. Huo mti unakunywa maji kama mtu amealikwa harusi ya tajiri. Mwaka wa kwanza niliona naweza kuvuka bonde na viatu. Nikasema asante Mungu. Mwaka mwingine chura wakanyamaza. Nikasema, sasa tutapata usingizi. Ndege wale wa manjano wakaenda, nikasema labda wamehamia Soin kwa joto. Kong'ony wakaenda wakirudi, wakaenda wakirudi, alafu wakaenda tu. Na sikushtuka. Hiyo ndio kitu inaniuma, kwamba sikushtuka. Hata kama mtu angeniambia wakati huo, ningesema ana wivu na miti yangu.

Mzee wangu alishakufa. Kinamasi kilibaki kipande kidogo tu kwa jicho la maji, pale maji yanatoka ardhini, ukubwa kama nyumba yangu pamoja na jiko. Matete machache, nyasi kidogo, basi. Pande zote ni bulugamu. Upande huu ni zangu, upande wa pili wa kijito ni za jirani yangu, mama mmoja Mkisii aliyenunua shamba na bwana yake zamani, tumezeeka pamoja tukitupiana maneno juu ya maji.

Sasa Krismasi hii iliyopita, mjukuu wangu akapanda mlima akikimbia. Ni msichana wa binti yangu, naishi naye, ako gredi ya tano. Sisi nyanya tunaitwa kogo. Akaja anapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, "Kogo! Kogo! Kuna watu wawili kwa maji wamevaa kofia!"

Nikamwambia, "Watu gani wa kofia? Waambie wapandishe huku kama wanataka chai."

"Si watu wa kweli! Kuja uone!"

Nikateremka, na haya magoti yangu, nikishika mti huu, nikishika mti huu. Wewe! Kong'ony wawili. Wamesimama kwa kale kamaji, mmoja ameshika tete kwa mdomo. Nilikaa chini kwa majani makavu, nikacheka peke yangu kama mlevi. Mjukuu akauliza, "Kogo, unalia ama unacheka?" Nikamwambia anyamaze, tusifukuze wageni.

Wakajenga. Baada ya siku chache mjukuu akapanda juu ya kisiki akachungulia, akasema ni mayai tatu. Nikamwambia ashuke, asinyooshe kidole, asisogee. Akaleta kitabu chake cha shule akasoma.

"Kogo, hapa inasema wanakalia mayai mwezi mmoja."

"Hicho kitabu kilikaa nao?"

"Kogo!"

"Mimi nimekaa nao. Ni mwezi mmoja."

"Si ndio kitabu inasema!"

"Basi kitabu kimenisikiza."

Tulikuwa na raha namna hiyo. Lakini mwaka mpya ukaanza na jua. Unajua Januari ya huku, mvua inakata, hata majani chai yanakataa kutoa. Mjukuu akachomeka kijiti pembeni ya maji, anakwaruza alama na kisu kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Maji yalikuwa yanashuka kama upana wa kidole. Kesho kidole kingine. Nilikuwa naangalia juu, nikiona bulugamu zangu zimesimama na majani yanang'aa, zimeshiba, na chini yake hao ndege wanaachwa kwa pakavu. Mahesabu hayakutaka shule. Maji yangeisha kabla mayai hayajapasuka. Na maji yakiisha, mbwa wataingia.

Kitu ya kwanza nilifanya ni ujinga, nacheka nikikwambia. Nilichukua mtungi, nikachota maji kwa tangi la nyumbani, nikateremka nikamwaga kwa kinamasi. Nikarudi. Nikamwaga. Safari ya tatu jirani yangu akaniona kutoka ng'ambo, ameshika kiuno.

"Mama! Unapelekea chura chai?"

"Napelekea wageni wangu maji!"

"Na maziwa umetia?"

"Wewe cheka tu. Kuna kong'ony hapa na mayai."

"Nimewaona. Lakini mama, hiyo maji unamwaga, ni miti inakunywa. Hao ndege hata hawajaonja."

Akawa amesema ukweli, na hata yeye hakupenda vile ukweli ulikaa. Nikaweka mtungi chini. Nikamwomba afunge mbwa zake. Akasema atafunga, na alifunga, na kamba ya ng'ombe, sikumwambia mara mbili. Lakini mbwa za huku si zake peke yake. Kuna zile za hapa sentani, kule madukani, zisizo na mwenyewe, zinazunguka mashamba zikitafuta.

Kitu ya pili, nikaita fundi wa msumeno wa mota. Nikasema leo nitakata bulugamu zote, zipumzike kunywa. Akakuja kijana mzima na mashine begani, akavuta kamba, ikanguruma. Ngururururu! Kong'ony aliyekuwa kwa mayai akaruka juu, wakaenda wote wawili mpaka juu ya mteremko, mayai yakabaki wazi kwa jua, na kunguru wawili tayari wameketi kwa tawi wanaangalia. Nikapiga kelele, "Zima! Zima hiyo kitu!"

Fundi akazima. Akaniangalia. "Nyanya, umeniita nikuje kuzima mashine?"

"Enda nyumbani kijana wangu."

"Sasa nikate ama nisikate?"

Nikikata, kelele inawafukuza na mayai yanaliwa na kunguru. Nisipokata, miti inamaliza maji na mayai yanaliwa na mbwa. Nikamwambia, "Usikate. Rudi wakitotoa." Akaenda akitingisha kichwa. Nilirushia kunguru vijiti, mkono wangu haufiki mbali siku hizi, vinaanguka hapa mbele ya miguu. Kong'ony wakakaa kando karibu saa nzima ndio wakarudi.

Basi ikabaki kukaa. Niligeuza kikapu cha chai, nikakikalia pale ukingoni na fimbo, kutoka asubuhi mpaka mjukuu atoke shule. Chai yangu ikakomaa kwa shamba bila kuchumwa. Siku moja nikasikia kitu kinakatika juu, tap tap tap, nikafikiri ni wezi. Ni jirani yangu, ananichumia majani. Hakusema kitu cha maana. Alisema tu, "Wewe kaa na wageni wako, usiniangalie, unanivurugia mkono." Mchana akaniletea uji kwa chupa.

Maji yakawa kama bakuli, alafu kama sahani, alafu ikabaki tope. Kiota sasa kilikuwa kimekaa kwa ardhi kama kofia iliyoanguka. Na yule ndege hakuondoka. Alikuwa anaangalia huku na huku, anaona vile ukuta wake umeenda, na bado amekaa. Nilikuwa nikimwambia, "Mtu wa kwetu, nisamehe." Sauti ya chini, mjukuu asisikie.

Asubuhi moja nikifika, kuna kitu cha manjano kimetokeza chini ya bawa. Alafu kingine. Watoto wawili! Yai la tatu halikupasuka. Nikakosa la kufanya na furaha, nikavua kitambaa cha kichwa nikakipunga kwa jirani ng'ambo, na yeye akapiga vigelegele huko kwake mpaka ndege wakashtuka, nikamwonyesha kwa mkono anyamaze, akafunga mdomo na mikono miwili. Tulikuwa kama wasichana.

Lakini furaha haikukaa. Watoto wanatotolewa wakiwa na njaa, na siku hiyo hiyo wanatembea. Sasa watembee wapi? Chini ya bulugamu hakuna kitu kinamea. Ni majani makavu na maganda tu, imekauka, hakuna panzi, hakuna chura, hakuna nyasi ya kujificha. Hao wadogo walikuwa wanaonekana kutoka mbali kama maua. Mama na baba wakazunguka, wakakanyaga kanyaga ardhi na miguu, vile wanafanya kushtua wadudu watoke, na hakuna mdudu alitoka. Nikaona wanazungumza vile wanazungumza. Alafu wakaanza kupanda mteremko, kuelekea majani ya ng'ombe ya jirani mwingine, yaliyo ng'ambo ya njia. Baba mbele, watoto katikati, mama nyuma.

Nikawafuata. Pole pole, wao na miguu yao, mimi na magoti yangu. Mbwa akatoka kwa njia, wa rangi ya udongo, sijui ni wa nani. Niliona kabla wao hawajaona. Nikapiga kelele, nikarusha fimbo, nikavua kiatu cha mpira nikarusha. Mama kong'ony akafungua mabawa yote, mapana, akamrukia yule mbwa na kucha, akampiga mpaka akalia na kukimbia. Usifikiri ndege hana nguvu. Lakini mbwa alipokimbia alikuwa na mtoto mmoja kwa mdomo. Nilikuwa mbali kama kutoka hapa mpaka kwa lile zizi. Kutoka hapa mpaka kwa lile zizi, na sikufika.

Yule mwingine alikimbia akaingia chini ya chai. Chai yangu mwenyewe. Chini ya chai ni giza, matawi yameshikana, na huko hakuna chakula cha ndege wa maji. Baba na mama walisimama juu ya vichaka wakiita. Na chini kitu kidogo kinajibu, piii, piii, lakini hakitoki, kilikuwa kimefundishwa kujilaza na kikajilaza. Mjukuu alipotoka shule akaingia kwa tumbo chini ya chai na yunifomu yake. Nilimwita atoke, akakataa. Alitoka jioni, mikwaruzo usoni, mikono mitupu.

"Nilimsikia karibu na sikio langu, Kogo. Nikinyoosha mkono ananyamaza."

"Anafikiri wewe ni mbwa."

"Mimi si mbwa!"

"Najua. Yeye hajui."

Siku ya pili sauti ilikuwa ndogo. Siku ya tatu haikuwa. Wale wakubwa wakangoja mpaka saa sita mchana, wakapaa, wakapita juu ya kiwanda, wakaenda upande wa Kabianga. Tulitafuta mstari kwa mstari. Hatukupata hata nyoya. Labda ni nguchiro, labda ni njaa. Wewe mtoto unataka nikwambie alipona? Ningependa. Sijui.

Fundi akarudi na msumeno wake, nikamwambia akate zote. Zilianguka siku mbili, na kila moja ikianguka nilikuwa nakumbuka ni ipi. Jirani yangu alikuja akasimama na mimi. Nikamuuliza kama na yeye atakata zake.

"Mama, nikikata nitapika na nini?"

Mimi mwenyewe napikia hiyo hiyo. Hata hii chai umeshika hapo imekaushwa na moto wa bulugamu. Tuliangalia miti yake ng'ambo, imesimama imara, inakunywa kwa mizizi iliyopita chini ya kijito mpaka kwangu, na tukaongea juu ya mambo ya kanisa.

Nilifikiri angalau upande wangu nimemaliza. Mvua za Machi zikaja, jicho la maji likatoa kidogo, chura mmoja akalia, mmoja tu, nikafurahi sana. Alafu nikateremka nikaona visiki vyangu vimechipuka. Kila kisiki, machipukizi kumi, kumi na tano, laini, yana rangi nzuri kama hayana hatia. Bulugamu ukikatwa haufi. Nikavunja yote kwa mkono, mgongo ukanikamata, nikalala siku mbili. Niliporudi yalikuwa yamechipuka tena. Nikavunja tena. Yakachipuka tena. Nilipanda kwa asubuhi chache tu, na kung'oa naona inataka maisha mengine, na mimi hiyo maisha sina.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwa kisiki, siwezi kuinama, nayaangalia tu. Mjukuu akashuka, akaanza kuvunja bila kuambiwa, tak, tak, tak. Nikamwambia, "Wacha. Yatarudi."

"Na mimi nitarudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yachoke."

"Hayachoki hayo. Na wewe utaenda sekondari, utalala huko."

Akafikiri, bado anavunja, hakuniangalia. Alafu akasema, "Sikiza Kogo. Kila Jumamosi nitavunja. Nikienda bodingi, nitavunja likizo. Na wewe ukikufa nitavunja bado, nimeahidi. Lakini usikufe kwanza."